Walikimbia Theluji, Baridi Ikawakuta Houston: Kisa cha Familia Moja

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 15 Februari 2021, saa tisa kasoro dakika kumi, dada yangu alinipigia simu kutoka Houston, Texas. Umeme umekatika, mtambo wa joto umezima, mtoto mdogo ameamka analia miguu inauma. Mimi nilikuwa Minneapolis, Minnesota. Nje kulikuwa na nyuzi zaidi ya 20 chini ya sifuri (vipimo vyote humu ni vya Selsiasi), na nilikuwa nimelala na fulana tu kwa sababu ndani kulikuwa na joto lake la kawaida. Nilicheka. Nakiri nilicheka, maana miezi sita tu kabla ya hapo yeye na shemeji walikuwa wamehama Minneapolis kwa sababu moja, baridi, na wakati wa kuagana alinipungia mkono akisema, "Tutakutumia picha za jua."

Siku tatu baadaye sikuwa nacheka.

Watu wengi huniuliza kama wahame kaskazini ya Marekani waende kusini. Huwa nawasimulia kisa hiki vipande vipande, sasa naona bora nikiandike chote. Nina ruhusa ya wenyewe, na nina daftari la dada. Ni daftari la matumizi ya nyumba, lakini pembeni mwa hesabu anaandika manung'uniko yake, na ndiyo yaliyonisaidia kuliko hesabu zenyewe.

Walikuwa wanakimbia nini?

Nyumba ilikuwa na watu watano. Dada ni muuguzi, wakati huo akifanya zamu za usiku. Shemeji ni dereva wa gari la kusambaza mizigo. Watoto wawili, mmoja wa miaka minane, mwingine wa miaka miwili. Na mama yake shemeji, ambaye sote tunamwita Bibi, amevuka sabini na magoti yake hayamtaki. Walikuwa wameishi Minneapolis miaka kumi na moja.

Ukimuuliza shemeji wazo la kuhama lilianza lini, atakutajia tarehe 30 Januari 2019. Asubuhi ile kipimajoto kilisoma -33, na ukichanganya na upepo mwili ulihisi chini ya -45. Ilikuwa baridi ambayo hata posta ilisimamisha usambazaji wa barua Minnesota, na kampuni moja ya gesi jimboni ikawaomba wateja wake washushe joto la nyumba hadi nyuzi 17 ili mabomba yasizidiwe. Yeye alikwenda kazini. Anasema kope zilikuwa zinagandana akipepesa macho.

Lakini watu hawahami kwa sababu ya siku moja. Desemba ya mwaka huohuo aliteleza kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, mahali ambapo theluji ilikuwa imeyeyuka mchana ikaganda tena usiku kuwa kioo, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Dereva bila mkono wa kulia. Wiki sita nyumbani. Hapo ndipo maneno "hatutakaa hapa baridi nyingine mbili" yanapoonekana daftarini kwa mara ya kwanza, yamepigiwa mstari.

Nililipitia daftari lile la msimu wa 2019 kuingia 2020 ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta wanalalamikia nini hasa. Nilitegemea kukuta baridi. Baridi yenyewe, ile ya kusema "leo kuna baridi kali", haifiki hata robo ya manung'uniko. Mengine ni haya: "Gari limevutwa tena, nilisahau upande." "Njia ya mbele haijasafishwa, saa zinakwisha." "Shule imefungwa, nani anakaa na watoto?" "Bibi hajatoka tangu Jumapili." Na hili, limerudiwa mara nyingi kwa maneno tofauti: "Nimeamka giza, nimelala giza."

Hilo la gari linahitaji maelezo kwa asiyeujua mji ule. Theluji ikianguka nyingi, jiji la Minneapolis hutangaza dharura ya theluji ya siku tatu ili magreda yapite. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku, huruhusiwi kuegesha kwenye barabara kuu zilizotajwa. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi, huruhusiwi upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye mitaa midogo. Siku ya tatu ni zamu ya namba witiri. Sasa mchukue mtu anayerudi kutoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, macho hayafunguki, umwambie akumbuke leo ni siku ya ngapi. Gari litavutwa. Na theluji ya kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yako ni yako wewe, una saa ishirini na nne tangu ilipoacha kuanguka kuiondoa.

Na giza. Minneapolis iko kwenye latitudo ya 45 kaskazini. Mwezi Desemba mchana wake ni wa saa nane na dakika arobaini na kitu tu, na jua linazama saa kumi na nusu jioni. Dada alikuwa analala saa tatu asubuhi, anaamka saa kumi, anapiga mswaki, jua limekwenda. Kuna wiki hakuliona kabisa. Hali ya watu kunyong'onyea kila majira ya baridi ilielezwa kitabibu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake, na tiba mojawapo ni taa yenye mwanga wa laksi 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa unapoamka. Dada alikuwa nayo, juu ya meza ya jikoni, anakunywa chai huku imemmulika usoni kama mshukiwa anayehojiwa. Daktari alimwongezea na vidonge vya vitamini D. Katikati ya majira ya baridi kwenye latitudo ile mionzi inayoufanya mwili utengeneze vitamini hiyo haifiki ya kutosha, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya ile nyeupe.

Nikiangalia nyuma naona walikuwa wanakimbia mambo manne yaliyofungwa kwenye furushi moja lenye jina la baridi. Kulikuwa na giza, na barafu ya kuteleza. Kulikuwa na kazi ya ziada ambayo theluji inampa mtu aliyechoka tayari, na kulikuwa na kufungiwa ndani kwa mama mzee. Furushi halikufunguliwa. Wakatafuta mji wenye joto.

Ukaguzi wa mwezi wa Machi

Wiki ya kwanza ya Machi 2020, kabla safari hazijafungwa kwa sababu ya korona, walikwenda Houston siku tano. Minneapolis ilikuwa bado na marundo ya theluji iliyochakaa, ile nyeusi nyeusi yenye chumvi na moshi wa magari. Houston miti imechipua, watu wamevaa kaptura, upepo mwanana. Shemeji alinipigia kutoka kwenye maegesho ya duka: "Shemeji, huku ni peponi. Nimekaa nje, nje kabisa, na shati."

Nadhani kosa lao kubwa lilitokea hapo, kwenye ile shati. Mtu anayekimbia baridi huenda kukagua mji wa joto wakati yeye ana baridi, yaani wakati mji wa joto umevaa nguo zake nzuri kuliko zote. Hakuna aliyekwenda kuutazama Agosti. Nami, niliyeombwa ushauri, sikuwaambia waende Agosti. Niliwaambia, "Nendeni, mnasubiri nini?"

Hesabu waliyofanya mezani ilikuwa nzuri kwa macho. Minnesota inatoza kodi ya mapato ya jimbo kwa ngazi, kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85. Texas haina kodi hiyo kabisa. Nyumba za kupanga zilikuwa kubwa zaidi kwa pesa ileile. Waliandika pia watakachookoa: gesi ya kupashia joto, matairi ya theluji, faini za gari. Upande wa pili wa karatasi, wa yatakayoongezeka, waliandika mstari mmoja: "Kiyoyozi."

Kuna jambo waliligundua wakiwa wamekwishaamua. Texas imo kwenye mkataba wa majimbo yanayotambuliana leseni za wauguzi, Minnesota haimo. Leseni ya dada haikuvuka mpaka naye. Ilibidi aombe leseni ya Texas upya kwa kuthibitisha ile aliyonayo, na afanye mtihani wa sheria za uuguzi za jimbo hilo. Wiki zilizokatika bila mshahara wake zilimeza akiba waliyotenga kwa dharura. Kumbuka hilo, litarudi mwezi wa pili.

Walihama Agosti 2020. Kilomita karibu 1,900, barabara kuu ya 35 hadi Dallas, kisha ya 45 hadi Houston, siku mbili. Kabla ya kuondoka waligawa makoti mazito, buti na glavu kwa familia iliyokuwa imefika karibuni. Bibi alikataa. "Koti langu mimi silitoi," alisema, akalikunja akalitia chini kabisa ya sanduku. Shemeji naye aliificha kwenye lori beleshi ya kuondolea theluji, ile pana ya plastiki yenye mpini uliopinda. Dada alipoigundua walipofika alimwuliza ni ya nini. Akasema ni ya majani.

Siku tatu za Februari

Dhoruba iliyoshuka Texas katikati ya Februari 2021 iliwekewa tahadhari katika kaunti zote 254 za jimbo. Houston ilishuka hadi -11. Kwa mtu wa Minnesota hiyo ni asubuhi ya kawaida, unatoka unapasha gari moto unakwenda zako. Ndiyo maana dada na mumewe hawakujiandaa. Majirani walikuwa wanagombea maji dukani, wao wanawatazama kwa kuwahurumia.

Saa saba na dakika ishirini na kitu za usiku ule, ERCOT, chombo kinachoendesha gridi ya Texas, yaani mtandao wa kusambaza umeme, kiliamuru umeme ukatwe kwa wateja ili gridi isianguke yote. Baadaye ilifahamika kwamba ilibaki dakika nne na sekunde 37 tu kabla ya jimbo karibu zima kuingia gizani kwa muda usiojulikana. Mitambo ilikuwa imeganda, hasa ile ya gesi, pamoja na visima na mabomba yanayoilisha. Mgao uliokusudiwa kuzunguka kwa zamu haukuzunguka, maana laini nyingi zilizobaki zilikuwa za hospitali na huduma nyingine zisizoweza kukatwa, hivyo aliyekatiwa alikaa hivyohivyo. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme. Gridi ile imejitenga kwa sehemu kubwa na gridi za majimbo jirani, kwa hiyo hata umeme wa kuazima ulikuwa kidogo mno.

Nyumba yao ilikuwa na mtambo wa joto wa gesi, na gesi ilikuwa inakuja. Lakini feni inayosukuma hewa moto vyumbani inatumia umeme. Kile kidude cha ukutani kinachotumia betri kilionyesha nyuzi 9 Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi, 5. Ndani ya nyumba. Minneapolis, siku ile ya -33, sebule yao ilikuwa na nyuzi 20, kwa sababu sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha ahakikishe kiwango hicho kuanzia Oktoba hadi Aprili, na nyumba yenyewe imejengwa ikijua.

Walihamia wote chumba kimoja. Dada alitundika mablanketi juu ya meza ya chakula yakawa hema, watoto wakalala chini yake. Bibi alivaa koti lake. Usiku wa pili koti lile lilipita zamu, kila mmoja saa mbili, isipokuwa Bibi mwenyewe ambaye alisema amekwisha kuota moto wake wa kutosha duniani. Dada anasema hilo ndilo jambo pekee lililowachekesha.

Uzoefu wa Minnesota uliwasaidia kwa mambo mawili. Walijua kuacha koki zidondoke maji kidogo kidogo ili yasigande. Na walijua kutowasha jiko la mkaa wala gari ndani ya gereji iliyofungwa, kosa lililowaua watu kadhaa Texas wiki ile kwa hewa ya monoksidi ya kaboni. Hesabu rasmi ya vifo vya dhoruba ilifika 246, wengi wao kwa baridi yenyewe, baadhi wakiwa vitandani mwao.

Lakini uzoefu huohuo uliwaponza. Minneapolis mabomba ya maji hupita ndani ya nyumba yenye joto na chini ya ardhi, chini ya kina ambacho barafu hufika. Misingi tu hutakiwa kwenda zaidi ya mita moja. Houston nyumba nyingi zimekalia zege juu ya ardhi, hazina chumba cha chini, na mabomba hupitishwa darini, ambako hakuna joto la aina yoyote. Kuacha koki ya jikoni idondoke hakukulisaidia bomba la chumba cha kufulia. Jumanne jioni, shemeji amekaa gizani, akasikia kitu kama mtu anamwaga ndoo juu ya dari. Kisha dari ikafura, ikatumbuka, maji yakashuka juu ya mashine ya kufulia.

Huko walikotoka koki kuu ya maji ipo ukutani chini ya ngazi, unaizungusha kwa mkono. Alizunguka nyumba nzima na tochi ya simu akiitafuta ukutani. Haipo. Akatoka nje, jirani wa ng'ambo akamwonyesha: iko ardhini karibu na barabara, chini ya mfuniko wa mita, na inafungwa kwa ufunguo maalumu wenye mpini mrefu. Jirani hana ufunguo. Shemeji alipiga magoti kwenye nyasi zilizoganda, akaufukua mfuniko kwa bisibisi, akaingiza mkono kwenye shimo lenye maji ya barafu, mkono uleule uliowahi kuvunjika, akashika koki kwa spana ya gari. Robo saa. Alipoingia ndani vidole havikunjiki, na sebule ina maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Umeme wao ulirudi Jumatano. Siku hiyohiyo jiji likatangaza maji yachemshwe kabla ya kunywewa, tangazo lililoondolewa Jumapili. Fundi bomba alipatikana baada ya siku tisa. Bima ya mpangaji ililipa sehemu ya vitu vilivyoharibika, na pengo lilitakiwa kuzibwa na ile akiba ya dharura, ambayo ilikuwa imeliwa na wiki za kusubiri leseni.

Jambo moja waliponea kwa bahati. Sehemu kubwa ya Texas hukuruhusu kuchagua kampuni ya kukuuzia umeme, na baadhi ya mipango wakati huo ilifuata bei ya jumla ya sokoni saa kwa saa. Wiki ile bei ilipanda hadi dola 9 kwa uniti, na waliokuwa kwenye mipango hiyo walipata bili za maelfu ya dola. Dada alikuwa amesaini bei isiyobadilika, kwa sababu tu fomu ile ilikuwa fupi zaidi. Bunge la jimbo liliipiga marufuku mipango ya aina ile kwa wateja wa majumbani mwaka huohuo.

Baridi mpya inaitwa Agosti

Ningeishia hapo, kisa kingekuwa cha bahati mbaya: dhoruba moja kubwa, basi. Kilichonifanya nikiandike kilikuja polepole.

Majira ya joto ya kwanza kamili, Bibi aliacha kutoka. Houston kuanzia Juni hadi Septemba ni joto lenye unyevu, nguo inakushika mgongoni kabla hujafika getini, na mwaka 2023 mji ulifikia nyuzi 43. Mtu mwenye miaka sabini na kitu na dawa za presha hatoki saa tano asubuhi. Basi akawa anakaa ndani, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinanguruma. Miezi minne. Minneapolis alifungiwa mitano.

Na hapa hesabu inamgeukia vibaya zaidi. Minneapolis, hata Januari, kulikuwa na basi kwenye kona. Katikati ya mji kuna vibaraza vilivyofunikwa kwa vioo vinavyounganisha majengo kwa ghorofa ya pili, zaidi ya kilomita 15, na Bibi alikuwa na wenzake wawili anaotembea nao humo mara mbili kwa wiki. Mji ule umekubali kwamba una baridi, ukampa mzee mahali pa kutembea. Kitongoji chao cha Houston hakikumpa kitu. Njia ya waenda kwa miguu inakatika mbele ya nyumba ya tatu. Bila gari huna miguu. Walilazimika kununua gari la pili, gharama ambayo haikuwa kwenye karatasi ya Machi.

Bili ya umeme ya Agosti ilikula karibu yote waliyookoa kwenye gesi ya Januari. Nilipomwambia dada kwamba amehamisha tu mwezi wa bili kubwa alininunia wiki nzima. Ila tofauti ipo, na ni ya kuangaliwa: kaskazini kuna sheria za zamani, za jiji na za jimbo, zinazombana mwenye nyumba kuhusu joto na zinazomlinda mteja aliyekubaliana na kampuni jinsi ya kulipa asikatiwe joto miezi ya baridi. Sheria ya jimbo la Texas haimlazimishi mwenye nyumba kuweka kiyoyozi. Kila upande una msimu unaoua watu. Kaskazini umetambuliwa kisheria kitambo, kusini bado unahesabiwa kama starehe.

Mwaka 2022 walinunua nyumba. Sitakaa sana hapa, ila kodi ya majengo kwenye vitongoji vingi vya Houston hupita asilimia 2 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, na humo ndimo sehemu ya ile kodi ya mapato isiyokuwepo hujirudia kwa mlango wa nyuma. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu hununuliwa peke yake na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kuinunua kimbunga kikiwa kwenye televisheni. Dada, aliyefundishwa na dari, aliinunua wiki ya kuhamia, ingawa ramani ilionyesha nyumba haiko kwenye eneo la hatari kubwa.

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita. Wateja zaidi ya milioni 2 eneo la Houston walikosa umeme, wengine zaidi ya wiki, katika joto la Julai. Kwao zilikuwa siku tano. Mara hii walikuwa na jenereta, imefungwa nje mbali na madirisha, inayoendesha friji na kiyoyozi kimoja kidogo cha dirishani chumbani kwa Bibi. Hema la mablanketi la 2021 lilirudi kwa sura nyingine: wote watano chumba kimoja, safari hii wakitafuta ubaridi.

Je, walikosea?

Shemeji akiulizwa, hajutii. Hajaanguka tena, magari yao hayajavutwa hata mara moja. Dada anasema jambo ambalo sina la kulijibu: ile taa ya jikoni aliiuza mwaka wa kwanza. Mchana mfupi kuliko yote Houston bado una saa kumi na robo, na sasa anafanya zamu za mchana. Kwenye daftari la msimu wa 2022 nilitafuta neno giza, sikuliona. Kama alichokuwa anakimbia ni giza, alilikimbia kweli, na pesa zote zile zilikuwa nauli halali.

Ila kuna swali linalonisumbua. Giza lake lilikuwa nusu la latitudo, nusu la zamu ya usiku. Angebadilisha zamu akiwa Minneapolis, je? Mimi nadhani nusu ya safari ingekuwa imekwisha bila kupakia lori. Yeye anasema mimi sijawahi kufanya kazi usiku hata siku moja maishani mwangu, ambayo ni kweli.

Aliyelipa ni Bibi, na ndiye aliyetajwa zaidi kama sababu ya kuhama. "Tunakwenda kwa ajili ya magoti ya mama," shemeji alikuwa akimwambia kila mtu. Magoti yalipata nafuu kidogo. Mwenye magoti akapoteza wenzake wawili, basi la kwenye kona, na mahali pa kutembea. Hakuna aliyemwuliza ni kipi kati ya hivyo anakihitaji. Mwaka 2023 mwenyewe alilimaliza: sasa Juni anapanda ndege kuja kwetu Minneapolis, anakaa kwangu hadi mwisho wa Septemba, kisha anarudi Houston kabla theluji haijaanza. Mwaka wa Beryl tu aliahirisha safari hadi mwisho wa Julai kwa sababu ya arusi ya ndugu, ndiyo maana kimbunga kilimkuta. Koti husafiri naye pande zote mbili.

Mimi ninayeulizwa ushauri nimebadilisha maswali. Zamani niliuliza, "Mna akiba kiasi gani?" Sasa naanza na daftari: andika msimu mzima unalalamikia nini, kisha tuone ni mangapi yatabaki kaskazini ukihama. Pili, kaukague mji katika mwezi wake mbaya kuliko yote, ukae nyumba ya kawaida, si hoteli. Tatu, kabla hujalala usiku wa kwanza, ujue maji yanafungwa wapi na kwa kifaa gani. Hili la tatu watu hulicheka.

Januari 21 mwaka 2025 theluji ilianguka Houston, theluji ya kweli, sentimita kadhaa, viwanja vyote viwili vya ndege vikafungwa. Shule hakuna. Mabomba ya darini kwa dada yalikuwa yamevishwa sifongo tangu Novemba, ufunguo wa maji umening'inia kwenye msumari mlangoni, jenereta ina mafuta. Umeme haukukatika. Kufika saa nne asubuhi dada alinitumia video: shemeji yuko mbele ya nyumba, amevaa koti la Bibi lisilomfika kiunoni, anasukuma theluji kwa ile beleshi ya plastiki, na nyuma yake jirani wa ng'ambo amesimama na kikombe mkononi akisubiri kuiazima.